Sheria ya Sababu Huko Ugotani

Ugotani mtu haulizi "kwa nini" mlangoni. Nililijua hilo baada ya kuuliza, tena kwa sauti, maana Mungu hakunijalia sauti ya chini.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Niliitwa huko kutengeneza vyerehani sita vya Bwana Mwinchande, mwenye karakana ya magodoro na mito ya sufi katika mji wa Vuambiti. Habari za njiani nitaziacha. Vumbi kila mtu analijua. Nilifika asubuhi mapema nikakuta watu kama thelathini wamejipanga nje ya karakana, kimya, kama wanaongoja chanjo. Bwana Mwinchande, mtu mnene, mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, alikuwa mlangoni akisoma majina kwenye karatasi. Aliyesikia jina lake aliitika "Naam" akaingia. Karatasi ikaisha. Nje wakabaki wanne. Bwana Mwinchande akaikunja karatasi yake, na wale wanne wakageuka kuondoka.

"Ala! Na hawa je?" nikasema. "Kwa nini hawakusomwa?"

Lo, ungedhani nimevua nguo. Bwana Mwinchande alitazama chini. Mwanamume mmoja katika wale wanne, ambaye mimi nilidhani namtetea, alinigeukia amekunja uso.

"Mama, tafadhali," akasema. "Sisi ni watu wenye heshima zetu."

Akaenda zake, wenzake wakamfuata, na wa mwisho wao alikuwa akitikisa kichwa kwa kunisikitikia.

Mambo ya nchi hiyo niliyaelewa kidogo kidogo, kwa kuwauliza watu wasiopenda kuulizwa. Kwao, mfanyakazi ni yule aliyesomwa asubuhi hiyo. Asiyesomwa si mfanyakazi leo. Kesho aje tena ajaribu. Mwajiri hasemi lolote, mfanyakazi haulizi lolote, na pande zote mbili huita hali hiyo adabu. Anayesomwa asubuhi mia saba za kazi mfululizo hupewa haki ya kupita mlango wa ndani, ambao ni mlango mdogo ubavuni mwa karakana. Akishapita huo hasomwi tena maisha yake yote. Huingia tu, na hawezi kuondolewa mpaka wenzake wote wa mlango wa ndani wakubali.

Kwa hiyo waajiri wa Ugotani ni hodari sana wa kuhesabu hadi mia sita tisini na tisa. Mtu akifika hapo, kesho yake hasomwi. Baada ya wiki moja husomwa tena, na hesabu yake huanza upya kwenye moja. Hilo halimkasirishi mtu. Wanasema ndivyo ilivyo, wanajifuta jasho, wanaendelea. Katika karakana ya Bwana Mwinchande waliopita mlango wa ndani walikuwa wawili tu: mzee mmoja aitwaye Makungu, na mwingine aliyepita kwa kuwa Bwana Mwinchande aliugua homa wiki ile akapoteza hesabu.

Nilifika wakati wa wasiwasi. Baraza la nchi lilikuwa limepitisha Sheria ya Sababu, na zilibaki asubuhi kumi na mbili ianze kutumika. Nililisoma bango lake sokoni. Lilisema kwamba tangu siku hiyo, kila mfanyakazi, hata aliyeanza jana, asiposomwa ataambiwa sababu. Mwajiri ataisema akiwa amesimama, amemtazama mfanyakazi usoni, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye hatua kumi na mbili. Sababu itapimwa na ofisa aitwaye Mpima Sababu. Ikionekana nyepesi, mfanyakazi ataingia kazini.

Mimi nikaona ni jambo dogo. Kwetu sababu hazijawahi kuadimika. Kwetu mtu hupewa barua yenye sababu saba, na ya saba inapingana na ya pili. Nilimwambia hivyo Bwana Mwinchande nilipokuwa nafungua cherehani cha kwanza, akavua miwani.

"Saba?" akasema. "Fundi, mnazipata wapi?"

Alikuwa anauliza kweli, masikini. Miaka kumi na tisa amesoma majina pale mlangoni, na kabla yake alisoma baba yake, na haikutokea hata siku moja akahitaji sababu. Asubuhi hukaa na chai yake, huandika majina, na mkono ukisita kwenye jina fulani huliacha. Mkono umesita kwa nini, hajui. Hajawahi kuufuatilia.

"Labda mtu mvivu?" nikamwambia. "Mchelewaji? Mwizi wa sufi?"

"Wavivu ninao," akasema, "lakini hao huwa nawasoma. Nawaonea huruma."

Chumba nilipangishiwa kwa Bi Zamoyoni, mshonaji wa kona. Kona za godoro ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa sufi haipendi kukaa pembeni. Asiye na mkono wa kona atakushonea godoro ambalo baada ya mwezi lina masikio manne matupu. Mji mzima wenye mkono huo walikuwa watatu. Bi Zamoyoni alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mchache wa maneno, kila wakati ana sufi kwenye nyusi. Alikuwa amefanya kazi pale miaka ishirini na tatu. Mara nane amefika mia sita tisini na tisa, mara nane amerudishwa kwenye moja. Siku niliyofika alikuwa kwenye asubuhi ya mia sita themanini na nane.

Nikahesabu kwa vidole. "Bi Zamoyoni! Asubuhi yako ya mia saba ndiyo siku ya kwanza ya sheria!"

"Najua."

"Kwa hiyo akitaka kukuruka lazima akuruke kabla ya hapo. Baadaye atatakiwa aseme sababu, na hana."

"Najua pia," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Siku ya tatu waajiri wote wa Vuambiti waliitwa kwenye ukumbi wa soko la nafaka kufundishwa namna ya kusema sababu. Mimi mkutano sikosi, nikaenda. Mpima Sababu wa wilaya alikuwa Bwana Sheweji, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alikuwa amepima hatua kumi na mbili kwa kamba na kumkalisha karani mwisho wake awe sikio. Hakuna mfanyakazi aliyekubali kusimama mbele kwa mazoezi, hivyo walisimamisha gunia la mahindi wakalivisha kofia.

Wa kwanza alikuwa mwenye kiwanda cha sabuni. Alisimama mbele ya gunia, akalitazama, akatazama pembeni, akarudi kulitazama. Jasho likamtoka.

"Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu," akasema, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Zipi?" akauliza Bwana Sheweji.

"Zilizo nje."

"Nje wapi?"

Yule bwana akanyoosha kidole dirishani. Wote tukageuka kuangalia. Hapakuwa na kitu ila wafanyakazi, ambao hawakualikwa na walikuwa wamejazana huko nje wakisikiliza.

Akasimama Bi Hadiya, mwenye tanuri la mikate, mwanamke mwenye akili na mikono iliyoungua. "Bwana Mpima, mimi nina swali la kweli," akasema. "Nikimwambia mtu sababu yake, atajirekebisha. Akishajirekebisha, mimi nitafanyaje?"

Ukumbi ukaguna kwa kukubali. Bwana Sheweji aliliandika swali hilo na kusema litapelekwa juu.

Mzee Makungu, yule wa mlango wa ndani, alikuwa ameketi nyuma na fimbo yake. Alikasirika zaidi ya waajiri wote. "Sisi tulisimama asubuhi mia saba bila kuambiwa kitu," akasema. "Leo mtoto wa jana aambiwe asubuhi ya kwanza? Hiyo haki gani? Kama ni kuambiwa, basi na sisi tuambiwe za kwetu zote tangu mwanzo!"

"Sheria haiangalii nyuma, mzee wangu," akasema Bwana Sheweji.

Hapo mtu mmoja akaingiza kichwa dirishani. Nilimtambua: ndiye aliyenikemea siku ya kwanza. "Mimi nisiposomwa," akasema, "narudi nyumbani nasema sikusomwa. Mke wangu anapakua, tunakula, yamekwisha. Sasa nitarudi na sababu. Nitaiweka wapi? Watoto wakisikia, mimi ni baba wa namna gani?"

  Kisha mtu akauliza kama mwajiri mwenye mafua anaruhusiwa kusemewa na mwingine, wakalijadili hilo mpaka adhuhuri.

Bwana Mwinchande alitoka mkutanoni ameshika daftari, na kuanzia siku hiyo alifanya mazoezi. Kila mchana alijificha nyuma ya marobota ya sufi, akasimama mbele ya godoro lililoegemezwa ukutani, akaliambia kwa sauti kubwa, "Leo sikukusoma kwa sababu!" Hapo alikwama. Akakohoa, akaanza tena. Sauti ilizidi kunawiri kila siku, ila sababu ya kusema haikupatikana.

Huku nyuma mji ulikuwa unabadilika. Waajiri walipiga hesabu wakaona kuwa ni rahisi kumwacha mtu sasa kwa adabu kuliko baadaye kwa sababu. Kiwanda cha sabuni kiliacha watu kumi na saba asubuhi moja. Bi Hadiya aliacha kuchukua mtu mpya yeyote, akawa anakanda unga mwenyewe na binti zake wawili huku akilalamika mgongo. Mstari wa Bwana Mwinchande uliokuwa na watu kama thelathini ukawa unaingiza ishirini na mbili. Waliobaki nje walirudi kila siku, wakasimama, hawakusomwa, wakaondoka, na hakuna aliyeuliza. Zilikuwa asubuhi zao za mwisho za kuondoka bila kujua, na mimi roho iliniuma kuliko wao.

Nilimfuata Bwana Sheweji ofisini kwake. "Sheria yako imewatoa watu kazini kabla haijafika," nikamwambia.

"Haijaanza," akasema. "Kabla haijaanza haiwezi kuwa na kosa." Akanikaribisha chai. Hakuwa mtu mbaya.

Jioni hiyo nilimkuta Bi Zamoyoni barazani anapepeta mchele, nikashindwa kujizuia. "Dada, wenzako wanaachwa kila siku," nikasema. "Zimebaki asubuhi sita ufike mia saba. Mbona wewe hushtuki?"

Alipepeta kidogo, akaweka ungo chini.

"Ya mia sita tisini na tisa mimi haijawahi kuniumiza," akasema. "Hiyo ni desturi, haimlengi mtu. Mimi ninayo ya kwangu. Ya asubuhi ya arobaini na moja."

Akanieleza. Alipoanza kazi pale, enzi ya baba yake Bwana Mwinchande, alikuwa na mtoto wa miezi saba, msichana, jina lake Mwantumu. Asubuhi thelathini na tisa alimwacha kwa jirani. Asubuhi ya arobaini jirani aliumwa, akaja na mtoto mgongoni. Mtoto alilia. Sufi ilimwingia puani akalia mchana kutwa, na mzee mwenye karakana alipita mara mbili akasimama akamtazama. Kesho yake Bi Zamoyoni hakusomwa. Hakusomwa tena kwa siku ishirini na sita.

"Hakuna kosa nililofanya," akasema. "Nilipitia siku zile zote moja moja. Sikuchelewa. Sikujibizana na mtu. Kona zangu zilikuwa safi. Kilichobadilika ni kimoja tu. Basi nikamchukua nikampeleka Shengeza kwa dada yangu Chiku. Niliporudi nikasimama mstarini peke yangu, mikono mitupu. Baada ya siku mbili nikasomwa."

"Mwantumu yuko wapi sasa?"

"Huko huko. Ni mtu mzima, ana miaka ishirini na tatu. Naenda sikukuu mbili kwa mwaka. Ananiamkia vizuri." Akaokota punje ya mchele iliyoanguka. "Mama yake ni Chiku."

 Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, Mungu anisamehe, maana hata mimi nina watoto na nimebeba mashine kichwani na mtoto mgongoni katika jua la saa saba. Lakini mimi sikuwahi kusimama kwenye mstari ule.

"Siku sheria ikianza nitamuuliza Bwana Mwinchande," akasema. "Nataka anitazame aseme. Nikishasikia kwa masikio yangu kwamba ni mtoto, nitapumzika. Nitajua nilifanya ilivyobidi."

"Na kama haikuwa mtoto?"

Alinitazama nikajuta. "Ingekuwa nini tena?" akasema kwa ukali. "Niambie wewe unayejua kuuliza. Ingekuwa nini?" Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Zile asubuhi zilizobaki nilikuwa wa kwanza kufika karakanani, kana kwamba jina linaloweza kuachwa ni la kwangu. Akiachwa kabla ya sheria, itakuwa basi. Hatakuwa na haki ya kumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Mia sita tisini na tano, alisomwa. Tisini na sita, akasomwa. Tisini na saba Bwana Mwinchande alitua kwenye jina lake, kalamu mkononi, nikakaa nimekaza meno, akasomwa. Tisini na nane, vilevile.

Ilipofika ya tisini na tisa, kila mtu mstarini alijua kwamba leo ndiyo leo. Kwa desturi ya miaka yote, hii ndiyo asubuhi ya mwisho ya kumsoma, na kesho humruka. Lakini kesho yake ingekuwa siku ya sheria, ya kusema sababu. Mwajiri mwenye akili angemruka leo hii. Mzee Makungu alishatabiri hivyo mbele ya watu.

Kilichomwokoa ni Wizara. Ilikuwa imeagiza mito sitini ya waheshimiwa kukalia kwenye sherehe ya kuzindua Sheria ya Sababu, na mito ya waheshimiwa ina kona nne kila mmoja. Bwana Mwinchande aliliangalia jina, akaangalia lile rundo la foronya zisizoshonwa, akapumua.

"Zamoyoni."

"Naam," akasema, akaingia. 

Siku ya sheria ikaja. Bwana Sheweji aliichagua karakana yetu kuanzia, akafika na kamba yake na karani wake, akamweka karani mahali pake. Mstari ulikuwa mrefu kuliko nilivyowahi kuuona. Walioachwa zile siku zote walirudi, hata kutoka kiwanda cha sabuni, kuja kuona. Bwana Mwinchande alitoka amevaa koti. Alikuwa hana sababu hata moja. Kwa hiyo akafanya alichoweza: alisoma majina yote. Alisoma ya wazima na ya wagonjwa waliokuwa majumbani kwao. Alimsoma hata muuza kahawa, ambaye aliitika kwa mshangao akaingia na birika lake.

Wa mwisho akamsoma Zamoyoni.

"Naam," akasema. Hakusogea.

Mzee Makungu alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa ubavuni, ameushikilia wazi kwa fimbo, amevaa kanzu kwa heshima ya siku hiyo. "Karibu, Bi Zamoyoni," akaita. "Mia saba hizo!"

"Nina swali," akasema Bi Zamoyoni.

Mstari mzima ukavuta pumzi. Bwana Sheweji akapiga hatua mbele. "Umesomwa, mama. Aliyesomwa hana swali."

"Ni la miaka ishirini na tatu."

"Sheria haiangalii nyuma, nilishasema—"

"Siiulizi sheria. Namuuliza huyu." Akamgeukia Bwana Mwinchande. "Asubuhi yangu ya arobaini na moja, enzi ya marehemu baba yako. Sikusomwa siku ishirini na sita. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia majina. Kwa nini?"

Mimi nilitegemea ataangalia chini kama siku ile ya kwanza. Badala yake uso wa Bwana Mwinchande ulifunguka. Jamani, alifurahi! Siku kumi ameliambia godoro "kwa sababu, kwa sababu", na sasa mtu anamuuliza jambo analolijua.

"Hiyo naijua!" akasema. Akajiweka sawa, akamtazama usoni kama alivyofundishwa, akatoa sauti yote aliyoifanyia mazoezi. "Karatasi yetu ilikuwa na mistari thelathini. Siku ile baba alichukua mtu mpya, akaniambia nimwandike juu kwa kuwa ni mtoto wa rafiki yake. Nikaandika, nikafika chini, mistari ikaisha. Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho. Hukuwa na mstari!"

"Nilisikia vizuri," akasema karani kutoka kule aliko.

"Na mtoto?" akauliza Bi Zamoyoni.

"Mtoto gani?"

"Nilikuja na mtoto. Alilia kutwa. Baba yako alisimama akamtazama."

Bwana Mwinchande alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Simkumbuki mtoto," akasema. "Baba alikuwa anapenda watoto. Labda alikuwa anamtazama tu. Halafu baada ya zile siku yule mtu mpya akaacha kazi, mstari ukapatikana, nikakurudisha." Akamgeukia Bwana Sheweji. "Vipi, Bwana Mpima? Nimesema sawa?"

Bwana Sheweji alikuwa mtu wa kazi yake. "Ni fupi, ni ya kweli, imesikika," akasema. "Nzito ya kutosha. Ningeipitisha."

Wapo waliopiga makofi. Bi Zamoyoni alikuwa amesimama palepale, mdomo wazi kidogo, na nilimwona anazeeka mbele yangu. Nilimkimbilia nikamshika mkono; ulikuwa wa baridi. Alinitazama kama hanijui. Kisha akafungua kitambaa cha kazi alichojifunga kiunoni, akakikunja, akakiweka chini kizingitini, akageuka akaanza kwenda.

"Bi Zamoyoni!" Bwana Mwinchande akaita. "Mlango uko huku! Ni asubuhi yako ya mia saba!" Hakugeuka. Bwana Mwinchande alishuka ngazi na koti lake, akapiga hatua kadhaa barabarani mbele ya wafanyakazi wake wote. "Kwa nini?" akapiga kelele. "Nimekusoma! Unaondoka kwa nini?"

 Nilipomfuata Bi Zamoyoni nilimpita Bwana Sheweji, na nilimwona akifungua kitabu kipya cha wilaya, ukurasa wa kwanza, na kuandika kwa mwandiko mzuri: Zamoyoni, mshonaji wa kona, hakuwepo kazini.

Vyerehani viwili niliviacha vimefunguliwa matumbo, na bado havijanitoka akilini. Shengeza tulifika kesho yake, jua likiwa juu. Njia nzima Bi Zamoyoni alisema jambo moja tu, tena si kwangu hasa. "Nilikuwa namlaumu," alisema. "Kila sikukuu nikimtazama nilikuwa namlaumu. Mtoto mdogo vile."

Mwantumu alikuwa uani kwa Bi Chiku anafua. Ni mrefu kama mama yake, na ana ile namna ya kukaza mdomo. Alipotuona aliinuka, akajifuta povu, akamwamkia mama yake kwa adabu, na mimi akaniamkia.

"Leo si sikukuu," akasema. Wasiwasi ukamwingia. "Hukusomwa?"

"Nimesomwa."

"Basi kuna nini, mama?"

Bi Zamoyoni aliuondoa mkono wangu begani kwake. "Nimekuja kukwambia kwa nini nilikuleta huku," akasema. "Hujawahi kuniuliza, na nilikuwa nashukuru kwamba huulizi."

 Mwantumu aliishika nguo aliyokuwa akiifua, maji yakimdondokea miguuni, akangoja. Bi Chiku alitokea mlangoni akasimama. Bi Zamoyoni alimtazama binti yake usoni, na sauti yake ilipotoka haikuwa kubwa, lakini kila mtu pale uani aliisikia.

"Nilidhani ni wewe," akasema.